Nyaya Tatu

Ruta ile, kifaa cha kusambaza mtandao, ililetwa mezani kwetu ikiwa na kikaratasi kilichosema kwamba imekufa. Umeme ulikatika wakati programu yake ya ndani ikisasishwa, na tangu hapo taa moja tu ndiyo iliyokuwa ikipepesa. Haikujibu `ping`, ile amri ya kuuliza kama kifaa kipo mtandaoni, ukurasa wake wa mipangilio haukufunguka, na kitufe cha kuirudisha katika hali ya kiwandani kilikuwa kimebonyezwa na kila aliyepita karibu bila kubadilika lolote. Wakati huo nilikuwa mgeni katika kitengo cha mitandao, na aliyepewa jukumu la kunifundisha kazi alikuwa dada mmoja mhandisi, mtu wa maneno machache. Alikisoma kikaratasi, akakibandua, akaniambia, "Mdogo wangu, kifaa kinachopepesa taa hakijafa. Kuna kitu ndani kinaongea, ila hakuna aliyetega sikio."

Pa kutegea sikio palikuwa chini ya kifuniko. Tulipotoa skrubu tuliona kwenye bodi, karibu na chipu kuu, safu ya matundu manne yasiyo na pini wala maandishi. Ruta nyingi ndogo zina matundu ya namna hii. Chipu yenyewe tayari ina UART, yaani ile sehemu inayotuma na kupokea biti moja baada ya nyingine kupitia waya mmoja, na mtengenezaji huitumia kukagua bodi kabla ya kuifungia ndani ya plastiki. Pini haziwekwi kwa sababu mnunuzi hategemewi kufika huko.

Dada hakuunganisha chochote kwanza. Alichukua malitimita, kifaa cha kupimia umeme, akaanza kutambua kila tundu lilikuwa la nini, nami nikaandika. Lililoungana moja kwa moja na ganda la chuma la soketi ya mtandao lilikuwa ardhi, yaani sifuri ambako volti nyingine hupimiwa. Jingine lilitulia kwenye volti 3.3 bila kuyumba hata kidogo, naye akasema hilo ni la umeme na tusiliguse, kwa kuwa bodi ilikuwa na umeme wake yenyewe. La tatu nalo lilikaa kwenye 3.3, lakini kila baada ya sekunde chache lilishuka na kutikisika kabla ya kupanda na kutulia tena. Hilo ndilo lililokuwa likiongea, kwa maana waya wa siriali, yaani wa biti moja baada ya nyingine, ukiwa kimya hukaa juu, na kila herufi hutanguliwa na mshuko wa muda wa biti moja unaomwambia msikilizaji ajiandae. Lililobaki lilikuwa la kusikilizia.

Katika droo yetu kulikuwa na kebo mbili za siriali, na moja, ile yenye kichwa kipana cha pini tisa, aliisukuma mbali kabla hata sijauliza. Kebo hiyo ilifuata RS-232, kiwango kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, ambacho huwakilisha moja kwa volti hasi kati ya 3 na 15 na sifuri kwa volti chanya kati ya 3 na 15. Mantiki yake ya biti ni ileile, lakini chipu iliyozoea volti 3.3 ikipigwa na volti kumi na mbili haitaongea tena na mtu yeyote. Tulitumia ile ya pili, adapta ndogo ya USB ya volti 3.3, tukalehemu pini kwenye matundu na kuunganisha nyaya tatu tu: ardhi kwa ardhi, kinywa cha ruta kwa sikio la adapta, na kinywa cha adapta kwa sikio la ruta.

Upande wa kompyuta mambo yalikwenda haraka. Amri ya `dmesg` ilionyesha kwamba Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yetu, imeitambua adapta na kuipa jina `/dev/ttyUSB0`. Jaribio la kulifungua faili hilo lilikataliwa kwa kukosa ruhusa, na hilo ni jambo la kawaida: katika Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na jamaa zake, milango ya siriali ni mali ya kundi liitwalo `dialout`, jina lililosalia tangu enzi za kupiga simu kwa modemu. Dada aliniongeza kwenye kundi, nikatoka na kuingia upya, na mlango ukafunguka.

Programu ya kuongea na mlango wa siriali niliyoifahamu ilikuwa minicom, ambayo huendeshwa ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na ina menyu zake za kuchagua mlango na kasi. Niliiweka kwenye biti 115200 kwa sekunde, kwa sababu ndiyo kasi ya bodi nyingi za siku hizi, na biti 8 za data, biti 1 ya kusimamisha, bila biti ya ukaguzi. Skrini ikajaa takataka: mabano, alama za kuuliza, herufi zenye vichwa na mikia isiyo ya lugha yoyote. Mimi niliona kushindwa. Yeye aliniambia niichomoe ruta, niiwashe tena, na nitazame kama takataka zitakuwa zilezile.

Zilikuwa zilezile, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi hii. Takataka zinazobadilika ovyo kila mara hudokeza waya unaoning'inia au ardhi isiyoshika, lakini takataka zinazojirudia kwa mpangilio uleule ni maneno halisi yanayosomwa kwa kasi isiyo sahihi. Mlango wa siriali hauna salamu wala makubaliano ya mwanzo. Hakuna waya wa saa kati ya pande mbili, na hakuna ujumbe unaosema "mimi naongea kwa kasi hii." Mpokeaji huona mshuko wa kwanza, huanzisha saa yake mwenyewe, kisha hupima volti katikati ya kila biti anayodhani inapita. Kwa kasi ya 115200 biti moja huchukua takriban mikrosekunde 8.7, na kwa nusu ya kasi hiyo huchukua 17.4, kwa hiyo anayesikiliza kwa kasi maradufu huihesabu kila biti mara mbili na kuunda herufi ambazo hazikutumwa na mtu. Tofauti ndogo huvumilika, kwa sababu saa huanza upya kwa kila herufi; ikizidi asilimia tano hivi, kufikia biti ya kumi kipimo kinakuwa kimeteleza hadi kwenye biti jirani.

Tulishuka hadi 57600, na maandishi yakasimama wima. Dada hakushangaa, ruta nyingi zenye chipu za Ralink, alisema, huongea kwa kasi hiyo. Mimi ndiye niliyeshangaa, kwa kuwa kile kifaa kilichoandikiwa kifo kilikuwa kikijieleza kwa kirefu kila baada ya sekunde chache. U-Boot, programu inayokiamsha kifaa kabla ya mfumo endeshi, ilikuwa ikijitaja, ikipima kumbukumbu, ikihesabu kurudi nyuma, ikijaribu kufungua mfumo uliohifadhiwa, na kutoa hukumu ileile: `Bad Data CRC`, yaani data imeharibika. Kisha ilianza upya. Ule upepesaji wa taa ulikuwa duara hilo. Nusu ya faili jipya iliandikwa, nusu haikuandikwa, na jumla ya ukaguzi, ile namba inayokokotolewa kutoka kwenye data ili kuthibitisha kwamba ni kamili, haikulingana. Hapakuwa na ugonjwa mwingine.

Kati ya kujitaja na kuhukumu kulikuwa na mstari mmoja wa thamani, `Hit any key to stop autoboot`, unaomruhusu anayeongea na kifaa kupitia waya huu kusimamisha safari kwa kubonyeza kitufe chochote. Nilibonyeza. Hesabu ikaendelea kushuka kana kwamba sipo. Nilibonyeza mapema zaidi, nikabonyeza mfululizo, nikashikilia kitufe cha nafasi tangu umeme ulipowaka, na ruta ikapita palepale bila kugeuka. Niliamini kwamba mtengenezaji amezima usikilizaji, jambo ambalo kwa kweli hufanywa na baadhi yao, na kwamba tutasoma maiti yetu milele bila kuigusa.

Dada alinyamaza kwa muda. Aliitoa ruta kwenye nyaya, akauunganisha waya wa kutuma na wa kupokea wa adapta pamoja, akaniambia niandike neno. Kila kinachotumwa kingepaswa kurudi papo hapo kwenye skrini. Hakikurudi chochote. Basi ruta haikuwa na hatia. Herufi zangu hazikuwa zikitoka kwenye kompyuta.

Chanzo kilikuwa ndani ya menyu ya minicom, kwenye mpangilio ambao huja ukiwa umewashwa: udhibiti wa mtiririko kwa njia ya vifaa. Modemu za zamani zilikuwa na nyaya mbili zaidi, RTS na CTS, ambazo pande mbili zilizitumia kuambiana "ngoja" na "endelea". Minicom ilizaliwa katika ulimwengu wa modemu hizo, na kwa mtu mwenye modemu mpangilio huo ni wa busara. Sisi tulikuwa na nyaya tatu. Adapta ilikuwa ikingoja ruhusa kwenye pini ya CTS ambayo haikuunganishwa na kitu, na kwa sababu ruhusa haikufika, ilihifadhi kila nilichoandika. Kupokea hakukuathirika, ndiyo maana tulisoma kila kitu vizuri. Naona hadi leo kwamba hii ndiyo hitilafu yenye hila kuliko zote katika kazi ya siriali, kwa sababu nusu ya mawasiliano ikifanya kazi vizuri mtu hulaumu kifaa, halaumu programu yake.

Tungeweza kuuzima mpangilio huo na kuendelea, lakini Dada alitaka nitumie picocom, programu ndogo isiyo na menyu, ambayo huanza bila udhibiti wowote wa mtiririko na ambayo mipangilio yake yote huonekana kwenye amri yenyewe:

`picocom -b 57600 -g ruta.log --send-cmd "sb -vv" /dev/ttyUSB0`

Nilikubaliana naye wakati ule na ninakubaliana naye sasa. Katika menyu, hali ya mlango hujificha mahali ulipoiacha mwezi uliopita. Katika amri, ukiisoma umeiona. Kasi iko wazi, faili la kumbukumbu la kila kitakachosemwa liko wazi, na programu itakayotumika kutuma faili iko wazi. Tukarudisha nyaya, tukaiwasha ruta, nikabonyeza kitufe cha nafasi, na hesabu ikasimama. Alama ya kungojea amri ikatokea, nayo ilinitia furaha kubwa kuliko mitihani niliyowahi kufaulu.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya taratibu. Amri ya `printenv` ilituonyesha mahali ambapo U-Boot ilitarajia kuukuta mfumo kwenye kumbukumbu ya flashi, ile isiyopotea umeme ukizimwa. Milango ya mtandao ilikuwa haifanyi kazi katika hatua hiyo, kwa hiyo faili lote lilipaswa kupita kwenye waya uleule mwembamba. Nilitoa amri ya `loady`, ya kupokea faili kupitia siriali, ruta ikaanza kutupa herufi C mojamoja kwenye skrini, ambazo ni namna ya mpokeaji wa YMODEM, utaratibu wa kuhamisha faili kwa siriali, ya kuomba data ianze, kisha nikabonyeza Ctrl-A na Ctrl-S na kuitajia picocom jina la faili.

Faili lilikuwa karibu megabaiti 4. Kila baiti hugharimu biti 10 njiani, ukihesabu ile ya kuanzia na ile ya kusimamisha, kwa hiyo kasi ya 57600 hubeba baiti 5,760 kwa sekunde na si zaidi. Hiyo ni dakika kumi na mbili hata kama hakuna kinachopotea. Nilipendekeza tupandishe kasi, kwa kuwa `loady` huruhusu kutaja kasi nyingine kwa ajili ya uhamisho tu. "Una haraka ya kwenda wapi?" aliniuliza, na tukangoja. YMODEM hutuma vipande vya baiti 1,024, kila kimoja na jumla yake ya ukaguzi, na kilichoharibika hutumwa tena, kwa hiyo sikuwa na hofu na nyaya zetu za kuungaunga. Nilizitazama zile tarakimu zikipanda.

Kuandika kwenye flashi ndiko kulikomfanya Dada asogeze kiti. Anwani za chini ya mfumo zilikuwa za U-Boot yenyewe, na amri ya kufuta iliyokosewa tarakimu moja ingefuta mlango pekee tuliokuwa tumeingilia. Alinitaka kwanza niendeshe `iminfo`, amri ya kukagua faili la mfumo, juu ya faili likiwa bado kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, na ilipothibitisha kwamba jumla ya ukaguzi ni sawa, nikaandika amri ya kufuta bila kubonyeza Enter. Alisoma anwani kwa sauti kutoka kwenye skrini, mimi nikazisoma kutoka kwenye karatasi, kisha tukabadilishana. Ndipo nikabonyeza. Nikafuta, nikanakili, nikaendesha `iminfo` mara nyingine juu ya flashi, na mwisho `reset`.

Safari hii hesabu ilifika sifuri na hukumu haikutoka. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, ilianza kumwaga mistari yake, taa za milango zikawaka moja baada ya nyingine, na kompyuta ya pembeni ikapata majibu ya `ping`. Nilifunga picocom kwa Ctrl-A na Ctrl-X. Dada alizitoa nyaya lakini pini aliziacha mahali pake, na kabla hatujarudisha kifuniko alinipa kalamu, nami nikaandika upande wake wa ndani mpangilio wa matundu manne, kasi ya 57600, 8N1 (biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, biti 1 ya kusimamisha), bila udhibiti wa mtiririko.