Jinsi nilivyomaliza utata wa "is" na "are" baada ya "of"

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wakiandika "The box of mangoes are heavy". Jicho linaona "mangoes" jirani na kitenzi, basi kalamu inaandika "are". Kukariri kanuni hakukuwasaidia.

Dawa niliipata kwenye Kiswahili chenyewe. Niliandika ubaoni: "Sanduku la maembe limefika." Hakuna aliyetaka kusema "yamefika", kwa kuwa kitenzi kinafuata sanduku. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: nomino inayofuata kihusishi kama "of" kwa kawaida haiamui kitenzi. Tukawa tunafunika "of mangoes" kwa kidole. Kinachobaki ni "The box is heavy".

"One of the boys is absent" ikanyooka papo hapo: mmoja wa wavulana hayupo. Hata ile inayosumbua watu wazima, "one of the teachers who live here", ilikubali, maana nasi husema mmoja wa walimu wanaoishi hapa: hapo "who" inarejelea walimu, si mmoja.

Kidole kilishindwa kwenye "A number of students are waiting", ambapo "a number of" hubeba maana ya wengi kadhaa. Ila "the number of students is small" hubaki umoja. Jozi hiyo niliifundisha peke yake, kwa mifano mingi.