Siku moja mnarani: kazi ya mwongoza ndege Zanzibar

Nikisema ni mwongoza ndege, wengi hudhani ni yule anayesimama kiwanjani na fimbo mbili, akiielekeza ndege mahali pa kuegesha. Yule ni mwenzetu, lakini mimi hunioni. Niko juu mnarani, Uwanja wa Abeid Amani Karume, na kazi yangu ni kuhakikisha ndege mbili hazifiki mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Saa 12:30 asubuhi. Nimesoma hali ya hewa, nimepokea zamu. Upepo ni wa kusi, na ndege hutua zikiukabili upepo, hivyo zinatua kutokea upande wa mjini.

Saa 1 hadi saa 4. Caravan za Dar, ndege ndogo za abiria, zinaingia na kutoka. Anayekuja nampa futi 2,000, anayeondoka futi 3,000, na zile 1,000 za katikati siziachii mpaka wapishane. Chai nimeinywa imepoa.

Saa 5 na kitu siku ikakaza. Dreamliner, dege kubwa la abiria kutoka Ulaya, inakaribia, wingu la mvua limeziba kusini, na Caravan tatu zimefika kwa mpigo. Dege zito huacha nyuma yake vimbunga vya hewa visivyoonekana, vinavyoweza kuipindua ndege nyepesi. Nyepesi inayotua nyuma yake husubiri dakika 3. Caravan ya kwanza nikaiwahisha chini. Ya pili nikaiambia izunguke baharini, usawa wa Chumbe, futi 2,000. Ya tatu izunguke hapohapo, futi 3,000.

Rubani wa pili akanirudishia maagizo yote. Wa tatu akasema amesikia, basi.

Amesikia nini? Mimi nataka namba itoke kinywani mwake. Nikamwita tena, rubani mwingine akabonyeza redio wakati uleule, sauti zikagongana nikasikia mlio mtupu. Nikamwita mara ya tatu. Akajibu kwa ukali kwamba ameshaelewa. Darubini mkononi, sioni kitu nyuma ya lile wingu. Nikamwambia: nitajie kimo chako. Akataja futi 2,000. Kimo cha mwenzake! Nikampandisha papo hapo, na safari hii akarudia kila neno.

Abiria wao, naamini, walinung'unika kwamba wanazungushwa bure. Dege kubwa lina TCAS, kifaa kinachomwonya rubani kuna ndege karibu na kumwambia apande au ashuke. Caravan ni ndogo, sheria haiilazimishi kuwa nacho. Pale wingu likitanda, kinga yao ni vile vimo viwili. Na hata kifaa kikiwepo, kuna adabu yake. Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, kifaa kilimwambia rubani apande, mwongozaji akamwambia ashuke. Alishuka, na ndege ya pili nayo ilikuwa inashuka kwa kufuata kifaa chake, zikagongana. Walikufa watu 71. Siku hizi rubani akiniambia anafuata TCAS, simpi amri nyingine mpaka aseme amemaliza.

Mchana uliobaki siwezi kuugawa kwa saa. Mvua, ndege za Arusha, Caravan tena, koo limekauka, shingo imekaza, na bado kila sauti inastahili sikio zima.

Jioni mwenzangu akapanda. Nikamweleza nani yuko wapi, kimo gani, nani anamfuata nani. Nikasubiri anirudishie zote, moja baada ya nyingine, ndipo nikampisha kiti.