Siku moja maishani mwangu: majaji watano na tofali moja, Tehran

Saa 12:30 asubuhi. Saa ya mkononi inaniambia ni saa 1, kwa sababu sijaibadili tangu nitoke Maskati. Iran iko nusu saa nyuma ya Oman na nusu saa mbele ya Zanzibar, kwa hiyo kila nikitaka kumpigia mama Unguja napiga hesabu na kukosea. Nje ya dirisha la hoteli ilipaswa kuwepo milima ya Alborz. Moshi wa magari umeimeza.

Siku hii ni ya Novemba 2023. Mimi ni msanifu majengo, mzaliwa wa Unguja, kazi yangu iko Maskati, na nilikuwa nimealikwa kuwa jaji wa tano kwenye shindano la majengo mapya ya Iran. Shindano lenyewe silitaji. Majaji hugombana, na kugombana kwetu kubaki kwetu.

Saa 2. Mlangoni pa ukumbi tulisimama kama dakika mbili hivi, kila mmoja akimwambia mwenzake "befarmaid", pita wewe kwanza. Kule hilo ni adabu, na anayepita haraka ndiye mshamba. Hatimaye akapita mzee wetu, profesa mstaafu ambaye wote walimwita Ostad. Nilijizuia kucheka, maana kwetu ustadhi ni yule wa madrasa mwenye bakora. Mimi niliitwa Khanom Mohandes, Bibi Mhandisi, jina ambalo huko wasanifu nao hupewa. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniita hivyo, hata niliowachorea nyumba bure.

Saa 3. Kazi 38 zimebandikwa ukutani, hazina majina, namba tu. Kila jaji ana stika kumi za kijani. Unazunguka kimya, unabandika. Kufikia saa 4 zilibaki kazi tisa, na kimya kikaisha.

Saa 4:15. Namba 31. Jengo la makazi la ghorofa 5 kaskazini mwa Tehran, uso wake wote ni matofali ya kuchoma. Kila tofali limezungushwa kidogo kuliko la chini yake, hata ukuta ukaonekana kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Aliyeituma alileta na kipande cha ukuta halisi, matofali tisa yaliyoshikanishwa kwa saruji, tukakiweka katikati ya meza karibu na birika la chai. Ostad alikipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akatusimulia 40 Knots House, nyumba ya Tehran iliyokamilika 2014: hapo waashi hawakupewa michoro migumu, walisomewa maelekezo kwa sauti, safu baada ya safu, kama wafumaji wa mazulia wanavyosomewa mafundo.

"Sawa," akasema mwenzetu wa Isfahan, mwanamke asiyezunguka mbuyu. "Lakini hii ni sentimita 40 za usanifu. Nyuma yake kuna nini?"

Hapo ndipo penye kidonda. Tehran, kwa kanuni iliyozoeleka, jengo hukaa upande wa kaskazini wa kiwanja na kushika asilimia 60 ya eneo, ua unabaki kusini. Tangu miaka ya 1990, enzi za meya Gholamhossein Karbaschi, manispaa ilijigharimia kwa kuuza vibali vya kuongeza ghorofa. Mwenye mtaji anajenga na kuuza. Anapomwita msanifu, idadi ya ghorofa imeshapangwa, maegesho yamepangwa, ngazi imepangwa. Kinachobaki ni uso, na wao wanauita "nama". Kwa miaka mingi nama ya matajiri ilikuwa ya "Kirumi": nguzo za mawe, mataji ya plasta, simba mlangoni. Matofali yalikuja kama tiba ya hayo. Sasa tiba imekuwa fasheni, na kati ya kazi tisa zilizobaki, tano zilikuwa za matofali.

Mimi nina swali langu moja la siku zote, na wenzangu walikuwa wameshalichoka: kuler, yaani kipoza hewa, iko wapi? Nyumba nyingi za Tehran hupozwa na "kuler-e abi", sanduku la bati lenye feni linalovuta hewa kupitia pedi zilizoloweshwa maji. Hukaa juu ya paa au kwenye roshani. (Kwao "roshan" ni kitu chenye mwanga, nilipowaambia neno letu wakafurahi kama watoto.) Kwenye picha za namba 31 hapakuwa na kuler hata moja, wala nguo ya kuanikwa, wala mtu. Tukatafuta mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa. Roshani zipo, zimefichwa nyuma ya matofali. Jiko liko katikati ya nyumba na linapata mwanga kutoka shimo jembamba la ndani.

Nikawatupia methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mkalimani alihangaika nayo kidogo. Na kumbuka ninatoka Unguja, tunakojisifu kwa milango.

Ostad alinijibu bila kuacha kulipapasa tofali. "Khanom Mohandes, mtu wa barabarani hatafunguliwa kamwe. Kwake yeye, uso wa jengo ndicho chumba chake."

Sikuwa na jibu. Nikamimina chai.

Saa 7. Chakula: ghormeh sabzi na wali. Katikati ya meza waliweka tahdig, yaani ukoko, mzima, wa rangi ya dhahabu, na mgeni ndiye aliyepewa kwanza. Nimekua nikigombania ukoko na kaka zangu chini ya sufuria, kumbe kuna nchi ambako ukoko hukaa mezani kama bwana harusi. Nikawalipa kwa hadithi ya boriti: jinsi majahazi yalivyobeba miti ya mikoko kutoka Lamu na Rufiji hadi Ghuba, ikawa dari za nyumba za Bushehr, bandari ya Iran, na ndiyo maana vyumba vya kale huko, kama vya Mji Mkongwe, ni vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti.

Saa 9. Namba 17, shule ya madarasa matatu Sistan, mashariki kabisa. Kuta nene za udongo, ua katikati. Picha moja inaonyesha viatu vya watoto vimerundikana kizingitini, kimoja kimepinduka. Jaji wetu kutoka Uturuki akasema huruma si kigezo, na kwamba umaskini ukipigwa picha vizuri hushinda kila shindano. Mjadala ukahamia kisiwa cha Hormuz, kwenye Majara: makuba ya rangi kama 200 yaliyojengwa 2020 na ZAV Architects kwa mifuko ya udongo, mbinu aliyoieneza msanifu Nader Khalili. Wapo wanaosema ni mandhari ya kupigia picha watalii. Wapo wanaosema fedha ya ujenzi ilikwenda kwa mafundi wa kisiwani badala ya kununulia vifaa vya mbali. (Baadaye, 2025, Majara ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan.) Mimi niko na hao wa pili, ila makuba hayo nimeyaona kwenye picha tu.

Kisha nikafanya ujanja wangu. Sistan ina upepo wa siku 120, wa kiangazi, unaotoka kaskazini. Nikaonyesha kwenye ramani: vyoo viko kaskazini. Harufu yote itaingia madarasani! Nilijiona nimeua nyoka. Ukumbi ukatulia, Ostad akaigeuza ramani, akahakikisha mshale. Mwenzetu wa Isfahan akauliza taratibu: "Kiangazi shule si zimefungwa?"

Walicheka mpaka mkalimani akavua miwani. Nami nikacheka, masikio yakiwaka moto.

Saa 11. Kura. Shule ya kwanza, kura tatu kwa mbili. Namba 31 ikapewa sifa maalumu, na stika iliyoifikisha hapo ilikuwa yangu. Wa Isfahan aliniangalia, nikajifanya natafuta kalamu.

Saa 2 usiku. Nilikwenda peke yangu Daraja la Tabiat, la waenda kwa miguu, lililofunguliwa 2014, kazi ya Leila Araghian aliyeshinda shindano lake akiwa bado kijana sana. Urefu wake ni mita 270, linapita juu ya barabara kuu ya Modarres, na limepindwa makusudi usione mwisho wake, usikimbilie kufika. Chini magari yananguruma, juu familia zimekaa na chupa za chai. Mzee mmoja anamenya komamanga. Baridi ilikuwa inaingia mitandioni.

Nikampigia mama. Safari hii hesabu ilikubali: kwao saa 1 na nusu.

"Hao watu," akauliza, "nyumba zao zina baraza?"

Nikamwambia nyumba nilizoziona leo hazina, mama. Ila wamejenga moja ndefu hewani, na hapa nilipo nimeikalia.