Basi la Manjano la Bryn Mawr

Tangu binti yetu amalize darasa la saba, nyumba yetu hapa Mbezi haina mazungumzo mengine isipokuwa shule ya sekondari, na meza ya sebuleni imejaa fomu za kujiunga, kila moja na orodha yake ya mahitaji: ndoo mbili, godoro, rimu ya karatasi, jembe, fagio la chelewa. Baba yake anataka shule ya wasichana ya bweni. Mimi, badala ya kujaza fomu, nimekuwa nikimpigia simu dada yangu anayeishi nje kidogo ya Philadelphia, Marekani, ambaye binti yake anasoma shule ya wasichana ya kulipia.

Eneo hilo huitwa Main Line, jina lililotokana na reli ya kampuni ya Pennsylvania Railroad iliyozaa vitongoji vyake. Huko ziko shule zilizoanza kama za wasichana: Agnes Irwin, iliyoanzishwa mjini Philadelphia mwaka 1869, Baldwin ya mwaka 1888 na Shipley ya mwaka 1894, ambayo siku hizi inapokea wavulana pia. Baldwin imo katika jengo lililokuwa hoteli, lililosanifiwa na Frank Furness. Nilipotumiwa picha yake nilidhani ni kasri la mfalme. Kilichonishangaza zaidi ni asili ya shule hizi. Katika Bryn Mawr, kimoja cha vitongoji hivyo, chuo cha wanawake chenye jina hilohilo kilifunguliwa mwaka 1885, na mtihani wake wa kuingia haukuwa wa mchezo, ndipo Baldwin na Shipley zikaanzishwa jirani yake kuwaandaa wasichana kwa ajili ya chuo hicho. Kwa lugha yetu, zilianza kama tuisheni. Sisi tunaozungumzia shule za wasichana kana kwamba kazi yake kubwa ni ulinzi na maadili, huku macho yetu yakiwa kwenye idadi ya divisheni wani, hatuko mbali nao hata kidogo.

Ada ya madarasa ya juu katika shule za namna hiyo hupita dola 40,000 kwa mwaka, yaani takriban shilingi milioni 100, na mwanafunzi analala kwao. Nilimuuliza dada kwa nini alipe, ilhali sekondari ya serikali ya Lower Merion, inayotegemea zaidi kodi ya majengo ya wakazi, inasifika, na ndiko alikomaliza nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant mwaka 1996. Alijibu kwamba darasani kwa binti yake hakuna wa kumwachia mvulana kifaa cha maabara. Jibu ni zuri, lakini halikunitosha, kwa sababu Jangwani na Zanaki ni shule za serikali, na wasichana wa jiji hili wanafanya majaribio yao huko bila mvulana wa kuwapokonya kifaa wala ada ya namna hiyo.

Binti yake, aliyekuwa akisikiliza, ndiye aliyeniambia jambo ambalo sijalisahau. “Mama mdogo, mimi naletwa na basi la serikali.” Nilidhani anatania. Kumbe sheria ya Pennsylvania inazitaka wilaya za elimu zinazosafirisha wanafunzi wa shule za umma ziwasafirishe pia wale wa shule binafsi zisizo za kibiashara, hata kama shule iko nje ya mpaka wa wilaya, ilimradi isizidi maili 10 kutoka mpakani. Basi la manjano linapita mtaani kwao, linambeba, na mama yake halipi nauli.

Jumatatu iliyopita nilikuwa kituoni saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mabasi matatu ya shule za kulipia, nayo ya manjano, yalipita yakiwa na viti vitupu. Wanafunzi wanne wa shule ya kata, mmoja ameshika sketi yake isiguse tope, walikuwa wameng'ang'ania mlango wa daladala, na konda akisema wawili tu, wengine wasubiri linalofuata.

Jioni mume wangu aliuliza kama nimejaza fomu. Nilimwambia bado.