Rebeka alisikia, akamwendea Yakobo

Wapendwa katika Bwana, juma hili tunasoma Mwanzo 27. Tumezoea kumlaumu Yakobo kwa hila zake, lakini mimi nimekwama kwenye mstari wa 5: Rebeka alimsikia mumewe Isaka akimwambia Esau, mwana wao mkubwa, kwamba atambariki. Alisikia, wala hakuingia kwa mumewe. Alimwendea mtoto mdogo, Yakobo. Na lile Mungu alilomwambia akiwa mjamzito, kwamba mkubwa atamtumikia mdogo, hatusomi popote kwamba alimshirikisha Isaka, mume yule yule aliyemwombea apate mimba! Zile ngozi za mbuzi za kumdanganya Isaka asiyeona, ili ambariki Yakobo badala ya Esau, Yakobo alivishwa na mama yake.

Hapa kwetu Bukavu mambo hayo tunayaona. Baba yuko Kamituga kwenye dhahabu, mama anauza sambaza soko la Kadutu. Mama amekataza kutoka usiku, mtoto anamlilia baba kwenye simu, baba anajibu, "Toka tu, mama yako ni mkali bure." Au wazazi wameachana, na mtoto wa miaka 10 anatumwa: "Mwambie baba yako alete pesa ya shule, kama ni mwanaume kweli." Anasimama mlangoni kwa baba, daftari mkononi, hajui aanzie wapi. Kesho yake akipiga wenzake darasani, wapo watakaosema ni mchawi, wampeleke akatolewe pepo. Jambo hilo linaniuma sana.

Mwaka 2010, watafiti Teubert na Pinquart wa Ujerumani walikusanya tafiti 59. Waliona kwamba wazazi wanaposhirikiana katika malezi, matatizo ya tabia kwa watoto hupungua. Wanapogombana, au kila mmoja kumvutia mtoto upande wake, huongezeka. Si sababu pekee. Vita na njaa vinawavuruga watoto wetu pia, na hivyo hatuna uwezo navyo. Maneno ya vinywa vyetu tunayo.

Esau alipokasirika, Rebeka alimwambia Yakobo akimbilie kwa Labani, mjomba wake, akae "siku chache". Alikaa miaka 20, na Biblia haitusimulii kwamba mama alimwona tena.

Kwa hiyo, mama na baba, hata ninyi mlioachana: pesa ya shule, adhabu, ruhusa ya kutoka, semezaneni wenyewe kwanza. Kama hamwezi kusikilizana, mwiteni mzee wa kanisa au shangazi akae kati yenu. Mtoto abaki nje acheze. Na leo baada ya ibada, aliye na mwenzake Kamituga ampigie.