Jinsi nilivyotatua tatizo la shawa kuziba kwa chokaa
Shawa yetu hapa Dodoma ilikuwa imepungua nguvu kiasi cha kutoa maji upande mmoja tu, ilhali bomba la jikoni lilitiririka kama kawaida. Kuzibua matundu kwa sindano kulisaidia kwa muda mfupi, na kusafisha tangi hakukubadili chochote. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka katika visima virefu vya Makutupora, nayo hubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu kutoka ardhini. Ndiyo maana birika hufanya ukoko mweupe na sabuni haitoi povu upesi.

Kilichofanya kazi ni siki. Nilifunga maji, nikafungua kichwa cha shawa, kisha nikakiloweka usiku kucha katika siki nyeupe iliyopashwa moto kidogo, kwa kuwa asidi yake huyeyusha chokaa. Hata hivyo, kizuizi kikubwa kilikuwa shingoni: nyuma ya mpira mdogo mweusi kuna kichujio cha wavu, chenye ukubwa wa ukucha, ambacho kilikuwa kimeganda kabisa. Kitoeni kwa uangalifu, kilowekeni peke yake, kisha kisugueni kwa mswaki wa zamani. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, kwani hutoa gesi yenye sumu.