Upande Mmoja Uliobaki: Safari ya Kwenda Ua wa George, Southwark

Mpwa wangu, ambaye amekaa London miaka mingi, alitaka tushuke stesheni ya London Bridge, kwa kuwa kutoka pale hadi nyumba niliyoitaka ni mwendo wa dakika chache tu. Nilimwomba tufanye vingine. Tulishuka stesheni ya Monument, upande wa kaskazini wa Mto Thames, karibu na mnara wa kumbukumbu ya moto mkubwa wa mwaka 1666, kisha tukavuka daraja kwa miguu. Nyumba hiyo, ambayo jina lake ni George, ni nyumba ya wasafiri kabla ya kuwa baa, na niliona haifai kuiendea bila kupita kwanza mahali palipoizaa, nalo ndilo daraja lenyewe.

Daraja la leo ni pana na halina pambo lolote. Lilifunguliwa mwaka 1973, na watu hulivuka wakiwaza kazi tu. Lile la kale la mawe, lililokamilika mwaka 1209, lilisimama zaidi ya miaka 600, na kwa sehemu kubwa ya muda huo lilikuwa na nyumba na maduka juu yake, na njia nyembamba katikati. Kwa karne nyingi halikuwepo daraja jingine London. Ukitoka Kent, Surrey au Sussex na mzigo wako, ulikuwa unakuja mpaka ukingo wa kusini na hapo unakwama: njia ya darajani imejaa watu, mikokoteni na ng'ombe, na usiku lango linafungwa. Basi magari ya farasi yakawa yanakomea Southwark, mtaa wa ukingo huo wa kusini, abiria wanashuka hapo, mizigo inateremshwa hapo, na aliyechelewa analala hapo. Nilipokuwa nikimweleza mpwa wangu haya, nilikumbuka ua wa karavani kule Bagamoyo, ambako wapagazi waliotoka bara walipumzika baada ya miezi ya njia, bahari ikiwa mbele yao. Mahali ambapo njia ya nchi kavu inagota kwenye maji, lazima pazuke nyumba za kulala.

Ndivyo Borough High Street, barabara kuu ya Southwark inayotoka darajani, ilivyokuwa. Mwandishi wa habari za mji, John Stow, alipochapisha kitabu chake mwaka 1598, aliorodhesha nyumba za wageni za barabara hii moja baada ya nyingine, George ikiwa miongoni mwao. Ukitembea leo upande wa mashariki wa barabara, utaona vichochoro vinavyoingia ndani kati ya maduka, kila kimoja na kibao chake: King's Head Yard, White Hart Yard, Talbot Yard. Vyote vilikuwa nyua za nyumba hizo. Katika White Hart ndimo Jack Cade alimoweka makao yake mwaka 1450, alipoongoza watu wa Kent kumwasi mfalme. Talbot Yard ndipo ilipokuwa Tabard, nyumba ambamo mshairi Geoffrey Chaucer aliwakusanya mahujaji wa hadithi zake kabla ya kuanza safari ya Canterbury. Ilivunjwa mwaka 1873. Nilisimama mbele ya kila kichochoro nikachungulia ndani. Nilichokiona ni kuta za ofisi, mapipa ya taka na baiskeli zilizofungwa kwa minyororo, na nilisikitika kweli, kwa sababu jina limebaki likining'inia ukutani na mwenye jina hayupo.

Kisha tukaingia kichochoro cha George, na mwenye jina alikuwepo.

Kwanza unaliona lango la chuma, halafu ua mrefu wenye meza na mabenchi ya mbao, na upande wako wa kulia inakujia nyumba yenyewe, imelala kwa urefu kama jahazi lililopandishwa pwani. Sehemu yake ya kwanza ina roshani mbili za mbao, moja juu ya nyingine, zenye nguzo na vijiti vya kuzuilia vilivyochongwa kwa mkono, na ukizitazama kwa makini unaona kwamba hazijanyooka: zimebonyea katikati, zikainuka kidogo, zikabonyea tena, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolemewa. Boriti zimefuata uzito wa miaka. Nyuma ya paa linachomoza jengo la vioo la The Shard, lenye urefu wa mita zipatazo 310, na watalii wengi hupiga picha ya viwili hivyo pamoja. Mimi nilielekeza macho kwenye roshani, kwa kuwa hazipo nyingine London. Hii ndiyo nyumba ya wasafiri wa magari ya farasi pekee ya mji huo ambayo bado ina roshani zake.

Roshani hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kupunga upepo. Zilikuwa njia: mgeni alipanda ngazi, akatembea juu yake nje, akafika mlango wa chumba chake, wakati chini yake farasi walikuwa wanafunguliwa na wapishi wanapita na sahani. Ua ulizungukwa hivyo pande tatu. Ndiyo maana waigizaji wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza walizipenda nyua za nyumba za wageni: wenye fedha walisimama juu kwenye roshani, wengine wakabaki chini, na jukwaa likajengwa kwa mbao juu ya mapipa. Kumbi za michezo zilizokuja baadaye hapo hapo Southwark zilichukua umbo lile lile.

Nyumba ninayoieleza, hata hivyo, si ile aliyoitaja Stow. Mwezi Mei mwaka 1676 moto uliteketeza mamia ya nyumba za Southwark, George na Tabard zikiwemo, na mwaka uliofuata George ikajengwa upya juu ya msingi wake kwa mpango ule ule wa kale. Jambo hili linanigusa kuliko umri wake. Upande wa pili wa mto, London ilikuwa inajijenga upya kwa matofali na mawe baada ya moto wake wa miaka kumi kabla. Huku kusini, mwenye nyumba aliyepoteza kila kitu alirudisha roshani za mbao zile zile, kwa kuwa alijua wasafiri wake wanahitaji nini.

Ndani ni vyumba vinavyofuatana, dari imeinama, sakafu ya mbao inalia ukikanyaga. Cha kwanza ndicho kilichokuwa chumba cha kusubiria cha abiria na waendeshaji wa magari. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikiitazama saa ya ukutani. Ni saa kubwa, uso wake ni mpana kiasi kwamba mtu aliye mlangoni anaweza kuisoma. Waingereza huziita saa za aina hii saa za Bunge, kwa sababu mwaka 1797 serikali ya William Pitt iliweka, kwa sheria ya Bunge, kodi ya shilingi 5 kwa mwaka kwa kila saa ya nyumbani, pamoja na kodi ya saa za mfukoni (shilingi hizo hizo ndizo zilizotupa sisi jina la fedha yetu). Watu wakaacha kununua saa, mafundi saa wakakosa kazi, na kodi ikafutwa mwaka uliofuata. Husimuliwa kwamba wenye baa walitundika saa hizi kubwa ili kuwahudumia waliokosa saa kwa sababu ya kodi. Ukweli ni kwamba zilikuwepo tangu kabla ya kodi hiyo. Jina tu ndilo lililozaliwa nayo. Lakini kwenye chumba cha watu wanaongoja gari, saa kubwa haihitaji hadithi ya kodi ili ieleweke.

Tulikuwa tumekaa mezani kimya kwa muda nikingoja mhudumu, mpaka mpwa wangu akaniambia kwa upole, "Mjomba, huku haji mtu mezani. Unakwenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa, unabeba." Kaunta hakuna mstari. Watu wamesimama wametawanyika, lakini kila mmoja anajua nani alimtangulia, na mhudumu akimwita aliye nyuma, huyo mwenyewe husema, "Huyu alikuwepo kabla yangu." Adabu hii haikuandikwa popote, na niliiheshimu sana. Waingereza huiita baa ya namna hii pabu, kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya umma, na pale kaunta nilielewa neno hilo: wakili aliyevaa suti na mjenzi mwenye viatu vya vumbi walisubiri zamu moja.

Mimi situmii kileo, niliagiza soda ya tangawizi, lakini nilimwomba mhudumu ruhusa ya kutazama anavyomimina bia ya kienyeji, naye akakubali kwa furaha. Bia hiyo haina mtungi wa gesi wa kuisukuma. Pipa lipo chini ya sakafu kwenye ubaridi wa kadiri, si wa barafu, na bado bia inaendelea kuchacha polepole humo ndani. Mhudumu alishika mpini mrefu wa mbao juu ya kaunta, akauvuta kuelekea kwake kwa nguvu ya bega, akaurudisha, akavuta tena, na bia ya rangi ya asali mbichi ikapanda kwa vishindo hadi ikajaza glasi ya painti moja, yaani mililita 568. Uchungu wake unatokana na hopsi, mmea unaotambaa juu ya nguzo katika mashamba ya Kent. Magunia ya maua yake yalikuwa yakiletwa kwa mikokoteni hadi barabara hii hii, na Soko la Hopsi lililojengwa miaka ya 1860 bado limesimama jirani, ingawa hopsi haiuzwi tena ndani yake.

Kilichoivunja George ni kile kile kilichotuletea wageni wengi waliokuwa wamejaa uani jioni ile. Stesheni ya London Bridge ilifunguliwa mwaka 1836, na msafiri wa Kent aliyelala njiani akawa anafika na kurudi kwake siku moja. Magari ya farasi yakakoma. Mwaka 1874 kampuni ya reli ya Great Northern iliununua ua huo kwa ajili ya mizigo yake, na mwaka 1889 ikabomoa pande mbili kati ya tatu ili ijenge maghala. Upande wa kusini ukanusurika. Mwaka 1937 kampuni ya reli iliyorithi mali hiyo iliukabidhi kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ambalo bado linaumiliki, nao ukaendelea kuuza bia na chakula. Nashukuru kwamba haukugeuzwa makumbusho yenye kamba za kuzuia watu. Roshani inayotazamwa tu na nyumba inayotumiwa ni vitu viwili tofauti.

Kabla ya kuondoka nilitoka nje nikasimama upande wa kaskazini wa ua, mahali palipokuwa na mrengo uliobomolewa, nikageuka nikaitazama nyumba kama mgeni wa chumba cha pili kwa upande huo alivyoitazama zamani alipofungua mlango wake asubuhi. Taa zilikuwa zimewashwa kwenye madirisha ya vioo vidogo vidogo. Ndani kengele iligongwa, ishara kwamba wanaotaka kuagiza waagize sasa au wasubiri kesho, na sauti za watu zikapanda mara moja kisha zikashuka.

Mpwa wangu aliuliza kama nimechoka, tuchukue treni hapo karibu. Nilimwambia turudi tulikopita. Tulivuka daraja saa tano na nusu usiku, saa ambayo zamani lango lingekuwa limefungwa na sisi tungelala Southwark.